Nusu ya Wimbo wa Kilimia

Mama yangu alininyima nusu ya wimbo kwa miaka yote niliyomtunza, na alininyima huku akinitazama usoni. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nina chuki za bure. Nina hasira, na hasira yangu ina sababu, tena ina jina. Jina lake ni Parapina, mama yangu mzazi, ambaye Hanga Roa nzima, mji wetu kisiwani, humwita Nua Parapina kwa heshima na kumbusu mashavu yote mawili wakitoka kanisani.

Wimbo wenyewe ni wa uzi. Kwetu mtu hashiki uzi mikononi akafungua kinywa na kuimba lolote linalomjia. Kila umbo la uzi lina wimbo wake, vidole na maneno huenda pamoja, na ukikosea kidole umekosea neno. Tunauita kaikai. Watoto wote wanajua mmoja au miwili, ya kushindania kwenye sherehe za Februari na kuwafurahisha wageni. Lakini wimbo wa Kilimia, lile kundi dogo la nyota, ulikuwa wa nyumba yetu peke yake. Mama aliupata kwa bibi yake, bibi akaupata kwa baba yake, na huyo baba inasemekana alikaa utotoni na watu waliojua kusoma vibao, zile mbao zilizochongwa maandishi ya kale.

Vibao havipo tena kisiwani. Vilichukuliwa zamani, vingine viko Roma, vingine Santiago, vimefungiwa kwenye vioo, na sisi wenyewe tumebaki na picha. Mimi nilikuwa na picha ya kibao kimoja, nimeibandika ukutani jikoni juu ya pipa la unga. Kimechongwa miezi kwa safu, kila mmoja mwembamba kama ukucha uliokatwa, na kati ya miezi kuna ndege, samaki na watu wadogo. Msomaji wa zamani alikuwa akimaliza mstari mmoja anakigeuza kibao, kichwa chini miguu juu, ndipo anaendelea na mstari unaofuata. Usipogeuza, unasoma watu waliosimama kwa vichwa vyao.

Sasa, wimbo wa Mama ulianza na mwezi kuandama, uzi mmoja tu kati ya vidole viwili. Mwezi ukanenepa usiku baada ya usiku, kila usiku na jina lake, mpaka ukapevuka na uzi umejaa viganja vyote. Hapo mikono inageuzwa, viganja vilivyotazama juu vinatazama chini. Na hapo Mama alikuwa akinyamaza na kuuacha uzi ulegee.

"Pamenipotea," alikuwa akisema. "Uzee huu, mwanangu. Mbele ya hapo ni giza tupu."

Siku nilipogundua kwamba mikono ya Mama inageuka palepale kibao kinapogeuzwa, nilipiga kelele mpaka mbwa akakimbilia barabarani.

"Mama! Wimbo wako umechongwa hapa!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

"Mstari huu ni wimbo, usiku kwa usiku. Na huu wa pili ndio ule uliokupotea. Hebu jaribu. Nipe hata neno moja."

Aliitazama picha, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nitajaribu kesho," alisema. "Leo kiuno kinanitesa. Niletee mafuta unikande."

Kesho hiyo ndiyo iliyoyala maisha yangu. Asubuhi nilimwandalia chai, nikaenda shuleni kufundisha watoto lugha yetu, jioni nikarudi, nikamkanda kiuno, nikaketi naye na uzi. Mara alikumbuka kipande cha neno. Mara alisema ameota bibi yake anaimba, ila jogoo akawika kabla hajafika penyewe. Makumbusho moja ya Santiago iliniita kazini, nikakae na vibao, mbao zenyewe za kushika mkononi. Nikakataa. Waliponiita tena nikakataa tena, kwa sababu wiki ileile Mama alikuwa amekumbuka neno "unapungua". Kulikuwa pia na fundi wa meli kutoka Valparaíso, mwanamume mpole aliyejua kupika kunishinda, akataka tuoane twende kwao. Nikamwambia anisubiri kidogo, Mama yu karibu kukumbuka. Alisubiri kidogo, kama nilivyomwambia. Siku hizi ana mke huko na watoto, na simlaumu.

Nisichopewa nikakikisia. Katika mstari wa pili, kando ya kila mwezi, kuna mtu mdogo aliyepeleka mkono mdomoni. Muulize mtoto yeyote wa kisiwani huyo anafanya nini, atakwambia anakula. Kai, kula, ndilo neno la kwanza tunalowafundisha. Basi nikasoma kwamba baada ya mwezi mpevu kulikuwa na usiku wa karamu, karamu baada ya karamu mpaka giza la mwezi. Nikampelekea Mama.

"Anakula?" aliuliza.

"Si ameweka mkono mdomoni?"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa gauni. "Wazee wale walikuwa na matumbo kweli! Haya, itakuwa hivyo."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Mimi ni nani nikukatalie, mwalimu?"

Nilikichukua kicheko kile kuwa baraka. Nikaandaa kila kitu. Jumamosi, siku ya mkutano wa vibao, ningesimama katika ukumbi wa shule, mbele ya wazee wetu na wageni kutoka bara na Tahiti, niwaonyeshe jinsi wimbo wa nyumba yetu unavyolala juu ya kibao. Sehemu ya pili ningesema ni makisio yangu, yaliyokubaliwa na mama yangu. Nilijivunia hayo maneno ya mwisho kuliko mengine yote.

Alhamisi akafika kaka yangu, Urupano. Pano alipelekwa shule ya bara akiwa mtoto, akabaki hukohuko, na sasa anauza magari Santiago. Huja nyumbani kwa nadra, na kila akija Mama hupona. Mwanamke ambaye kiuno hakimruhusu kuokota kijiko alishinda uani akipanga mawe ya tanuri la ardhini, akafunika kuku na viazi vitamu kwa majani ya mgomba, akanifokea kwamba nachelewesha kuni. Sikuona vibaya. Nilizoea, na Pano ni mtu wa kupendeka, anacheka hata na nguzo.

Ijumaa mchana nilikuwa ukumbini napanga viti, nikakumbuka kwamba picha ya kibao bado iko ukutani. Nikarudi kuichukua. Nilipokaribia dirisha la jikoni nikamsikia Mama anaimba, nikatabasamu, kwa sababu alikuwa anaimba vizuri, sauti yake ya zamani. Mwezi ukaandama. Mwezi ukanenepa. Nikasimama nje nikimngojea afike penye kugeuza, nimsikie akisema pamempotea, kama nilivyomsikia jioni zote za ujana wangu.

Akafika penye kugeuza, akapita.

Hakusita hata kidogo. Mwezi ukaanza kupungua, na kila unapopungua unaimba kumwita Kilimia: umeamka? Kilimia hajibu. Mwezi unapungua tena, unaimba tena: umeamka? Mpaka ukafika usiku wa giza, na pale wimbo ukasema wazi kabisa lile ambalo watu wamelitafuta kwenye picha ile tangu kabla sijazaliwa. Kama Kilimia ameamka na ameonekana juu ya bahari, mwaka umezaliwa. Kama bado amelala, mwezi huu hauna hesabu, na urudi uandame tena kwa jina lilelile.

Kumbe yule mtu mdogo hakula hata tonge. Alikuwa ameweka mkono mdomoni akiimba, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. Kai na kaikai, kula na kuimba kwa uzi, na mimi mwalimu wa lugha nikachagua tumbo. Niliona aibu kwanza. Kisha nikakumbuka nani alikuwa amecheka mpaka akafuta machozi, na aibu ikanitoka yote, hasira ikakaa mahali pake.

Niliingia. Mama alikuwa kwenye benchi, uzi mikononi. Pano ameinua simu, anamrekodi.

"Endeleeni," nilisema. "Nani kawaambia mnyamaze?"

"Dada! Umerudi mapema," Pano alisema kwa furaha yake ile. "Njoo uone, nimempata Mama mwanzo mpaka mwisho."

"Mwisho upi?"

"Wa wimbo, si wa dunia! Nilikuwa nimeshasahau nusu, nikamwomba anikumbushe, wanangu nao wausikie."

"Wewe uliwahi kuujua?"

"Alinifundisha wote kabla sijaenda shule. Lakini wewe si unao?" Furaha ilikuwa imeanza kumtoka. "Mama aliniambia kwenye simu unao wote, ila umeuficha mpaka siku ya mkutano, hutaki mtu akuharibie. Ndiyo maana sikukugusia."

Mama aliweka uzi pembeni, akavuta beseni la viazi, akaanza kumenya.

"Mama," nilisema.

"Nini?"

"Uliniambia pamekupotea."

"Palinipotea. Pakarudi."

"Lini?"

"Leo."

"Pano kafika jana, na leo pamerudi? Pamekuja naye ndani ya begi?"

"Usinihoji kama polisi. Mimi si mwizi."

"Mama," Pano akaingilia, "hebu mwambie dada ukweli."

"Wewe nyamaza, nasema na mwenzio." Alimenya kiazi kizima kabla hajaendelea, tena alikimenya vizuri, ganda jembamba refu bila kukatika. "Pano nilimpa wote. Nilimpa hapahapa, kwenye benchi hili. Mwezi haukuisha akapanda ndege. Mlangoni pale hakugeuka hata kunipungia."

"Nilikuwa mtoto! Ninyi ndio mlionipeleka!"

"Baba yako ndiye aliyekupeleka. Mimi nilikupa wimbo ili urudi, nawe hukurudi. Nikajiambia, huyu wa kike simshibishi. Akishiba naye ataondoka mezani." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Na hukuondoka. Ulikuwa unakuja kila jioni. Unaketi hapo, unaniambia Mama kumbuka, Mama jaribu. Nani mwingine alikuwa ananiomba kitu mimi? Kila mtu alikuwa ananiletea dawa tu."

Nilitaka kusema mambo mengi, yakatoka kwa mpangilio mbaya. "Na karamu? Uliniacha niandike kwamba wanakula?"

"Ulifurahi sana. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Kesho ningesimama mbele ya watu nikaseme upuuzi!"

"Nani angejua? Wanaojua wote wako makaburini."

"Wewe ungejua!"

"Mimi ni mama yako. Nisingekuumbua." Alilisema hilo kana kwamba ananipa zawadi.

"Na yule wa Valparaíso?" niliuliza. "Ulimwona akija hapa na samaki wake, akija na maua yake. Ulijua ninachomwambia angojee."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. Pano aligeukia dirishani.

"Alikuwa anapika vizuri," Mama alisema. "Lakini alikuwa na sauti kubwa sana ndani ya nyumba."

Nilibandua picha ukutani nikatoka nayo.

Jumamosi nilisimama ukumbini kama nilivyoahidi. Niliwaeleza mstari wa kwanza, kisha nikawaeleza nilivyousoma wa pili, karamu na yote. Halafu nikawaambia nimekosea, yule mtu hali chochote, anaimba. Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa upande wa mama yangu akapaza sauti kutoka nyuma, akiniita kwa jina langu: "Analola, mwanangu, ulisoma na njaa!" Nilicheka nao, ningefanyaje? Kisha Pano akacheza ile rekodi, na kicheko kikafa. Sauti ya Mama ilipomwita Kilimia, wazee walivua kofia. Mgeni mmoja kutoka Tahiti alilia waziwazi, akasema hata kwao mwezi unamngojea Kilimia, ila wao walibaki na kungoja tu, maneno yalipotea.

Ilipokwisha, watu walimzunguka Mama. Walimvika maua kichwani, wakambusu mikono. "Nua, umetutunzia hazina!" walimwambia. "Na bahati aliyonayo binti yako, umemsomesha mwenyewe nyumbani!" Mama alipokea yote, ameinamisha kichwa, mnyenyekevu kama mtakatifu wa kanisani. Nilingoja aseme neno. Hata moja la kupunguza sifa zile, hata la mzaha. Alinishika mkono mbele yao wote na kusema, "Huyu hajawahi kunichosha." Pale ndipo nilipoamua.

Nilipiga simu Santiago, wakasema nafasi ipo. Binamu yetu Felisita alihamia chumbani kwangu ili amtunze Mama, na nikamfundisha dawa zipi za asubuhi na zipi za jioni. Sikumfundisha kumkanda kiuno. Mama hakuninunia wala hakunibembeleza. Alikula, alisali, alimsema Felisita kwa chumvi, akanitazama nikikunja nguo kana kwamba zinakunjwa na mtu mwingine.

Siku ya safari alikuja uwanja wa ndege, amevaa gauni lake la kanisani. Watu walikuwa wengi, kwetu msafiri hasindikizwi na mmoja wawili, na kila mmoja ana mkufu wake wa makome wa kumvika anayeondoka. Shingo yangu ilikuwa imeshakuwa nzito Mama aliponifikia. Alinivika wa kwake, akausawazisha kifuani polepole, akanivuta nimwinamie.

"Kipo kipande cha tatu," alininong'oneza. "Hata Pano sijampa."

"Mama, unasema kweli?"

"Baki, utajua."

Nilimtazama machoni kutafuta uongo. Nimeishi na macho hayo tangu nizaliwe na sikuweza kujua, sasa ningejuaje katika dakika ile, watu wakinisukuma na mhudumu akiita majina? Akanibusu mashavu yote mawili. Nikapanda ndege. Naapa miguu yangu ilikuwa mizito kuliko makome yote niliyobeba.

Sasa nafanya kazi na vibao. Navisafisha kwa brashi laini, navishika kwa glavu. Picha yangu ya jikoni nimeibandika hapa juu ya meza. Nimeisoma tena na wimbo wote kichwani, na kila alama inakaa mahali pake, mpaka penye Kilimia kuamka. Lakini baada ya hapo, kabla mchongaji hajahamia jambo lingine, kuna alama chache ambazo wimbo hauzifikii: ndege wawili wanaotazamana, na kitu kama kamba. Wenzangu wanasema ni mapambo. Huenda ni mapambo. Huenda Mama aliziona kwenye ukuta wake mwenyewe, siku zile zote nilizomkanda kiuno, akajua uongo wake wa mwisho autundike wapi. Au huenda anacho kweli, na umri wake sote tunaujua, na akifa nacho basi kimekwenda.

Pano ananiambia niulize tu, kuuliza hakuniui. Yeye ameuliza, Mama akamjibu kwamba si chake.

Nampigia kila Jumapili baada ya misa. Tunaongea kuhusu mvua, kuhusu Felisita na chumvi yake, kuhusu farasi wa jirani aliyeingia kwenye viazi. Kabla hatujakata, huwa anauliza, "Huna la kuniuliza?"

"Sina, Mama," namwambia.

Hakati simu. Namsikia anapumua upande wa pili, anangoja, nami namwacha angoje.